Wajomba Wawili Kwenye Simu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Chuo kikuu, ng'ambo, ufadhili kamili: ada, chumba, hata koti la baridi. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa studio, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikamsomea mteja aliyekuwa kwenye stuli akingoja kupigwa picha ya pasipoti. Akasema hongera, ila shingo inamuuma.

Imebaki viza tu. Viza! Miaka yote hii nimewapiga picha watu wanaokwenda kuiomba. Studio ya Mjomba inatazamana na ofisi ya viza, katikati ni barabara tu. Watu wanaingia kwangu na jasho, nawaambia wasicheke, waonyeshe masikio. Wanavuka barabara, wanapotea duniani. Mimi nabaki na masikio yao kwenye kompyuta.

Sasa ni zamu yangu.

Jioni nimemwambia Mama. Alilia, akapiga vigelegele, akampigia simu dada yake. Chai yangu haijapoa, chumba changu alikuwa ameshampa Binamu. Nikamkumbusha kwamba viza bado. Akasema nisilete mkosi.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Mlango wa pili kuna duka la stesheneri, na ndani yake kuna msichana tunayemwita Kalamu, kwa sababu kalamu haimtoki sikioni. Nilimpelekea barua anitolee nakala. Badala ya kutoa nakala, akaisoma. Kisha akaniuliza tangu lini napenda mifupa.

Mifupa gani? Nimeomba kusomea Picha za Mionzi.

Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoudhi, kwamba hiyo ni mionzi ya hospitali. Ya kumulika watu waliovunjika. Mimi nilidhani mionzi ya jua! Nilidhani ni sayansi ya kupanga mwanga vizuri usoni mwa bibi harusi.

Lakini insha yangu? Niliandika kurasa nzima kuhusu jinsi mwanga unavyofichua kilichojificha ndani ya mtu. Kalamu alicheka hadi akashika kaunta. Akasema sasa ameelewa kwa nini walinipenda. Fizikia nilifaulu shuleni, namshukuru Mungu pamoja na mwenzangu tuliyekaa dawati moja.

Basi, mifupa iwe mifupa. Uso nao ni mfupa uliovalishwa nguo.

Jambo baya zaidi: Kalamu naye amekubaliwa. Chuo kingine, mambo ya maktaba. Anapeleka maombi yake ya viza wiki ijayo, kama mimi. Kwa nini wiki ile ile? Ananiiga huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechoka. Binamu amehamia. Ni mlinzi wa usiku katika ghala la saruji, kwa hiyo Mama ameona hakuna tatizo: mimi nilale usiku, yeye mchana. Kitanda kimoja kina zamu kama kiwandani. Tatizo ni kwamba leo alikuwa na mapumziko. Tumelala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake. Miguu yake inanuka saruji mbichi.

Nimejaribu kumweleza Mama kwamba mtu hahamishwi kabla hajahama. Akasema tayari amewaambia majirani wote, na wengine wameshaagiza viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya utafiti. Nimewahoji wateja wangu waliokataliwa, na Mungu anajua hawaadimiki. Wote wanasema kitu kimoja: ofisi inataka uthibitisho kwamba utarudi. Mtu asiye na kitu nyumbani hapewi, kwa kuwa hatarudi. Mwenye kila kitu nyumbani hapewi, kwa kuwa anakwenda kufanya nini? Ukae katikati. Uwe na vitu kiasi.

Nimekaa nikajihesabu. Nina nusu kitanda.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Mchumba! Mwanamume mwenye mchumba hurudi, au angalau watu wa viza huamini hivyo. Nikamwomba Kalamu aniazime sura yake, picha moja tu, tujifanye wachumba. Akaniuliza kama nimesahau kwamba na yeye anaomba viza, na je, akiulizwa mchumba wake yuko wapi, aseme yuko foleni nyuma yake?

Hakukosea. Nikasema nilikuwa namtania. Akasema, kwa jina alilonipa kwa ajili ya kamera yangu, "Kaka Fleshi, wewe si umekubaliwa kihalali? Waambie ukweli basi. Una barua, una ufadhili, una mama."

Ukweli! Maneno ya mtu asiyeijua dunia.

Jumanne, 11 Machi

Studio ina sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nimelipekua asubuhi nzima, Mjomba akidhani nafanya usafi. Nikampata. Mwanamke mtulivu, macho ya uaminifu, kitambaa cha kijani kichwani. Sura ya mtu anayeweza kumngoja mwanamume miaka mitatu bila kunung'unika.

Kwenye kompyuta nimemweka begani kwangu. Nimepunguza kidevu changu kidogo, nimemwongezea tabasamu kidogo. Nyuma yetu nimeweka bustani. Kazi safi! Nilijikuta nimempenda kidogo. Nikaweka na sahihi chini: Wako daima.

Mjomba alipita akaiona. Alivua miwani, akaivaa. Akasema mwanga wangu unatoka kushoto na wa yule dada unatoka kulia, kwa hiyo tukioana tutagombana. Kisha akaenda zake. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Alinifundisha kazi hii yote, na sidhani kama amewahi kunisifu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevuka barabara.

Sikujua kwamba barabara ile ni pana hivyo. Ndani kuna viti vya chuma, kiyoyozi, na ukimya wa watu wanaojiombea. Mbele yangu Kalamu, na bahasha moja. Mimi faili zima. Nilimwonea huruma.

Nikaitwa dirishani. Nikasukuma karatasi chini ya kioo, picha ya uchumba juu kabisa, ionekane kwanza. Dada wa dirishani akaitazama. Akaitazama sana. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Wakasimama watatu, mmoja ameziba mdomo kwa mkono.

Nikainua macho. Dada wa dirishani, macho ya uaminifu. Leo kitambaa kilikuwa cha bluu.

Mama yangu! Nilitamani sakafu ipasuke. Studio inatazamana na ofisi yao. Wao wangepigia wapi picha zao? Akaniambia, taratibu, kupitia kile kipaza sauti kinachosikika ukumbi mzima, kwamba yeye ni mke wa mtu, ana watoto wawili, na kama mimi ndiye mchumba wake daima, mbona jana sikwenda kuwachukua watoto shuleni?

Ukumbi ulicheka. Watu waliokuwa wakijiombea walicheka. Kalamu hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.

Nilianza kukusanya karatasi zangu. Yule dada akaniwekea kidole kwenye kioo, nisubiri. Akaitoa ile picha kwenye faili, akaiweka kwenye droo yake. Akasema barua ya chuo ni halali, ufadhili ni halali, na yeye picha hajaiona. Nimekutana na watu wema wachache maishani. Huyu mmoja nimemdhulumu tabasamu.

Nikaenda kwa afisa wa mahojiano. Mzee mmoja mkavu, sauti ya mtu aliyesikia yote. Aliniuliza swali moja tu. Nikishamaliza masomo, kitu gani kitanirudisha nyumbani?

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu nichague moja. Nikayatoa yote matatu kwa pumzi moja. La mwisho lilikuwa kwamba Mjomba ameshanifanya mbia wake katika studio. Ubia! Neno lilitoka lenyewe. Afisa akaandika. Akasema vizuri, watampigia simu Mjomba kuthibitisha.

Kalamu aliulizwa swali hilo hilo, amenieleza njiani. Alijibu kwamba hajui kwa hakika, ila mama yake yuko huku na anamkumbuka hata akienda sokoni. Maskini. Amejimaliza mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Sijalala. Mjomba akipigiwa simu atasema ubia gani? Yule mtu hawezi kudanganya hata mteja mwenye sura ngumu.

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwendea nikamwambia, Mjomba, nimesema hivi na hivi, naomba unisitiri. Nimefika mara mbili mlangoni kwake. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa ameshamaliza kula.

Hapana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama vya kutosha. Simu ya studio iko juu ya kaunta yangu. Nitaipokea mimi.

Jumanne, 18 Machi

Mazoezi. Sauti ya Mjomba ni nzito, na kabla ya kila jibu anakohoa kidogo kama mtu anayegonga mlango. Nimemfanyia Binamu alipoamka. Akaruka kitandani akatafuta shati, akidhani Mjomba amekuja kumsema. Nimeiva!

Mama amenisikia akauliza nina kifua. Amenipa maji ya moto.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike yote, maana mkono ukipumzika sitaandika kamwe.

Asubuhi Mjomba aliaga. Hajawahi kuaga. Akasema ana shughuli kidogo mjini, nimwangalizie duka. Nikamshukuru Mungu. Baada ya muda simu ikalia. Sauti ya mwanamke: ofisi ya viza. Niliitambua, ni dada wa dirishani.

Nikakohoa. Nikasema ndiyo, mwenye studio ndiye mimi. Akaniamkia! Nikamwitikia marahaba, mwanangu, na moyo ukaniuma kidogo.

Akauliza kuhusu mpwa wangu. Nikakohoa. Nikasema ni kijana mwaminifu. Mchapakazi. Ana jicho la ajabu. Nikasema kwamba tangu marehemu dada yangu... kisha nikakumbuka kwamba dada yake Mjomba ni Mama, na Mama yuko hai, nikasema tangu dada yangu amlete hapa, Mungu ambariki, sijajuta. Nilikuwa nakwenda vizuri. Nilikuwa najisikia vizuri, kusema kweli. Hakuna aliyewahi kunisema hivyo. Akauliza kuhusu ubia. Nikasema nusu kwa nusu. Akasema vyema mzee, basi nadhani tumemaliza.

Tumemaliza! Alisema hivyo kwa mdomo wake!

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mjomba, amebeba ubao mkubwa uliofunikwa gazeti.

Na mimi, simu iko sikioni, sauti ya Mjomba iko kooni, nikasimama. Nikasema:

"Shikamoo, Mjomba."

Mazoea. Ni mazoea tu! Mtu akilelewa vizuri anaponzwa na malezi.

"Marahaba," akajibu Mjomba. Akakohoa.

Kisha yule dada akauliza, kwa adabu zote, "Samahani, mzee. Hapo studio mko wajomba wangapi?"

Nilikata simu. Mtu mzima, nikakata simu kama mtoto aliyepiga namba ovyo.

Mjomba akauliza nani huyo. Nikasema wamekosea namba. Akatikisa kichwa, akaegemeza ubao ukutani, akaondoa gazeti polepole maana rangi ilikuwa bado mbichi. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kazi ya fundi wa mabango wa kule sokoni.

STUDIO YA MJOMBA NA MPWA.

Akasema alitaka kunipa kabla sijasafiri. Akasema mtu akienda mbali aende akijua ana mahali. Akasema tangu barua ilipokuja amekuwa akisubiri watu wa viza wampigie, ana ya kuwaambia. Nikamuuliza angewaambia nini. Akatazama ubao, si mimi.

"Ningewaambia nakungoja. Mimi nina nani mwingine?"

Ilikuwa kweli. Uongo wangu wote wa siku zile, ulikuwa kweli, na mtu wa kuusema alikuwepo, na simu nimeipokea mimi.

Nilimwambia rangi ni nzuri.

Jumanne, 25 Machi

Wamenikataa. Barua fupi. Hawakuandika mambo ya wajomba. Waliandika kwamba hawakuridhishwa na maelezo. Waungwana.

Kalamu amepata.

Mama aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Nikamweleza yote, hata ile shikamoo. Nilidhani atanionea huruma. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Lakini wewe hata hiyo fupi umeshindwa kuimaliza." Kisha akaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikamwona amesimama kwenye kamba, shati langu mikononi, hafanyi chochote. Jirani akapita, akauliza ninasafiri lini. Akamjibu kwamba bado tunashughulikia. Tunashughulikia! Naona nimerithi upande huo.

Chuo nimewaandikia. Wamesema naweza kuanza mwaka ujao nikitaka. Nikasoma barua yao nikahisi kuchoka kwa mtu aliyepanda ngazi ndefu akaambiwa ofisi imehamia chini.

Jumamosi, 29 Machi

Kalamu amekuja kuaga. Anaondoka kesho. Akataka nimpige picha, si ya pasipoti, ya kumwachia mama yake.

Nilimweka karibu na dirisha. Nikamwambia anaruhusiwa kucheka. Akasema hajui acheke vipi mtu akimwamrisha. Nikamwambia basi afikirie wajomba wawili. Akacheka hadi kalamu ikaanguka sikioni, na hapo ndipo nilipobonyeza.

Ni picha nzuri. Sijaigusa kwenye kompyuta. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu na hakusema kitu kuhusu mwanga.

Mlangoni Kalamu akasita. Akaniambia mwakani niombe tena, mifupa haiendi popote. Akaniomba kitu kimoja: niende na barua yangu, na Mjomba wangu, na ukweli wangu, basi. Hakuna kingine. Nikamwahidi. Nikamwapia. Macho yalinijaa maji, nikasema ni vumbi.

Usiku, ndani ya nusu kitanda changu, nilielewa. Kweli nilielewa! Kila kitu nilichobuni nilikuwa nacho tayari. Nitasubiri mwaka mmoja. Nitasoma fizikia yangu, safari hii bila dawati la mwenzangu. Sitadanganya tena. Nimeandika hapa, na nimepiga mstari chini.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ameingia mteja wa picha ya pasipoti, mzee mmoja mchangamfu, mikono imejaa alama ndogo ndogo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema chuo kikuu! Ng'ambo! Kozi ya miezi mitatu ya ufugaji wa nyuki. Wanakwenda kikundi kizima, na ofisi inawapa viza kwa pamoja. Mahojiano hawafanyi. Mwaliko mmoja, orodha moja, mhuri mmoja.

Akasema kwa masikitiko kwamba mmoja wao ameugua na nafasi yake iko wazi, ila muda umebaki mdogo, watampata wapi mfugaji mwenye uzoefu?

Nilikuwa nimeshika kamera. Nikaishusha.

Huu si uongo. Nimefikiria vizuri na si uongo. Uongo ni mtu kusema asichokuwa nacho, na mimi asali nimekula tangu utotoni. Nikamwambia kwamba nyuki ndio waliotulea. Akanishika mkono kwa furaha, akaniuliza mizinga yangu ni ya aina gani. Nikakohoa kidogo, nikasema ya kawaida, lakini mikubwa.

Amefurahi mno. Kikundi kizima kinakuja kesho asubuhi kuitembelea.

Mzinga unauzwa wapi saa hizi? Na nyuki je, wanauzwa pamoja nao au mtu anawaita?